Juni 2016: Upinzani Ulipoacha Kuuliza

Kwenye mijadala ya nani aliibana serikali bungeni kuliko wenzake, watu hutaja waliokuwa na sauti kubwa, waliotolewa nje na askari, waliopiga meza. Mimi hurudi kwenye uamuzi mmoja wa Kambi Rasmi ya Upinzani, ule wa mwisho wa Mei 2016, wa kutokaa kwenye kikao chochote kitakachoongozwa na Naibu Spika Tulia Ackson. Ulikuwa uamuzi mbaya siku ulipotangazwa, na miaka iliyopita haijausafisha.

Mnakumbuka ulivyoanza. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walikuwa wameamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma ndani ya saa chache, mabegi kichwani, wengine bila nauli. Jumatatu ya Mei 30 Joshua Nassari akasimama kuomba shughuli zisimame ili Bunge lijadili jambo hilo kwa dharura. Kiti kikakataa. Kiti kilikosea, na hilo nalisema bila kusita: kama watoto 7,000 kufukuzwa hosteli kilomita chache kutoka ukumbini si dharura, basi kanuni ya dharura haina kazi. Siku hiyohiyo wabunge saba wa upinzani wakasimamishwa kwa vurugu za bungeni za Januari, zilizozuka kuhusu matangazo ya moja kwa moja. Hasira ilikuwa ya haki kabisa.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua. Spika Job Ndugai alikuwa kwenye matibabu India, kwa hiyo karibu kila kikao cha bajeti kilikuwa mikononi mwa Naibu Spika. Uamuzi wa kususia vikao vyake ulikuwa, kwa vitendo, uamuzi wa kususia Bunge la Bajeti zima. Asubuhi wanaingia, dua inasomwa, wanainuka, wanatoka. Kesho yake hivyohivyo. Kuna siku walitoka wakiwa wameziba midomo kwa plasta. Picha ilikwenda magazetini, ikazungumzwa vijiweni, kisha kipindi cha maswali kikaendelea kama kawaida, mawaziri wakisoma majibu yao mbele ya viti vitupu.

Sasa tuchambue kama mafundi, maana siasa yake imeshasemwa sana.

Silaha ya mpinzani bungeni ni swali la nyongeza. Swali la msingi limepelekwa mapema, wataalamu wa wizara wameliandikia jibu, waziri anasoma tu. Hapo hakuna mapambano. Mapambano huanza muuliza swali anapoinuka mara ya pili, na waziri hajui nini kinakuja. Tazameni mikono ya mawaziri wakati huo: anayejua jambo lake huacha karatasi mezani, asiyejua huanza kuzipekua huku akishukuru kwa “swali zuri”. Alhamisi ni kali zaidi, kwa sababu katika nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu hakuna karatasi ya kusoma, na Kiongozi wa Upinzani alikuwa akipewa nafasi ya kwanza. Utaratibu huo uliingizwa enzi za Spika Samuel Sitta, na hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo kiti kimewahi kuwapa wapinzani wa nchi hii. Juni 2016 kiongozi huyo, Freeman Mbowe, aliiacha mezani.

Tena waliiacha kipindi ambacho ilikuwa inauma. Siku 10 tu kabla ya kutoka, Mei 20, Rais Magufuli alimfuta kazi Waziri wa Mambo ya Ndani, Charles Kitwanga. Ikulu ilitoa sababu waziwazi: aliingia bungeni na kujibu swali la wizara yake akiwa amelewa. Tafakarini hapo. Waziri mzito, swahiba wa Rais, hakuangushwa na maandamano wala mkutano wa hadhara. Aliangushwa na kitendo cha kulazimika kusimama kwenye kipaza sauti na kujibu. Wizara ileile ilikuwa inadaiwa maelezo ya mkataba wa mashine za alama za vidole za polisi. Kiti cha waziri kiko wazi, sakata liko mezani, na waliokuwa wakilifuatilia wanakwenda kunywa chai nje.

Halafu kuna suala la kamera. Januari ya mwaka huo Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alitangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja. Nimeandika kuhusu uamuzi ule mara nyingi na nitaendelea kuandika, kwa sababu uliwanyang’anya wananchi kitu walichokuwa wameshakizoea. Lakini ukishanyang’anywa kamera, unabakiwa na nini? Unabakiwa na Hansard. Maneno yako na jibu la waziri, neno kwa neno, yanakaa pale hata kama hakuna aliyeyaona usiku ule. Mwaka ujao unayafungua na kumsomea. Ukitoka nje, hakuna neno linaloandikwa kwa niaba yako. Kambi iliyokuwa imepoteza matangazo ilichagua kupoteza na kumbukumbu.

Nitajibiwa kwamba Zitto Kabwe naye hakuwamo ukumbini alipokuwa shujaa. Ni kweli, na ndiyo maana mfano wake unawahukumu. Agosti 2007, Chadema ikiwa na wabunge 11 tu, kijana wa miaka 30 kutoka Kigoma Kaskazini alileta hoja binafsi ya kuundwa kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Tazameni alivyoijenga. Hakuanza na kwamba serikali ni ya mafisadi. Alianza na jambo lisiloweza kukanwa: Waziri Nazir Karamagi alisaini mkataba ule London. Kisha akaliweka kando ya ahadi ya serikali yenyewe ya kupitia upya mikataba ya madini. Kilichobaki ni “kwa nini”. Wabunge wengi walipiga kura kumsimamisha hadi Januari 2008, lakini swali lilikuwa limeshaandikwa na halikujibiwa. Miezi michache baadaye Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani na kumweka huyohuyo aliyefungiwa, na mwaka 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Zitto alifukuzwa. Hakuondoka.

Dk. Willibrod Slaa, naye wa Chadema, alikuwa fundi wa namna nyingine: nyaraka kwanza, sauti baadaye. David Kafulila hakuwa na ulimi wa Slaa, ila alikuwa na ung’ang’anizi. Mwaka 2014 alirudia suala la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, mpaka Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akamwita tumbili mbele ya Bunge zima. Mtu mwingine angetoka nje kwa tusi lile. Kafulila alibaki. Suala likaenda kwa CAG, likarudi kupitia Kamati ya Hesabu za Serikali, na kufikia Januari 2015 Werema amejiuzulu, Anna Tibaijuka amefutwa kazi, Sospeter Muhongo ameachia wizara. Yote hayo bungeni, chini ya kiti cha Anna Makinda, ambaye wapinzani hawakumpenda hata kidogo.

Na mwaka huohuo 2014 walikuwa wameshaonywa. Aprili, Profesa Lipumba wa CUF aliwaongoza wapinzani wa kundi la UKAWA kutoka Bunge Maalumu la Katiba. Waswahili husema ukisusa wenzio wala, na waliobaki walikula: Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao, ikiwa imeyaacha mengi ya rasimu ya Jaji Warioba ambayo wangeweza kuyapigania ibara kwa ibara. Wapo wanaonikumbusha Novemba 2011, Chadema walipotoka wakati wa muswada wa mabadiliko ya katiba. Ile ilifaa, kwa sababu kulikuwa na Ikulu iliyokuwa tayari kuwapokea, na sheria ikarekebishwa Februari 2012. Mwaka 2016 nani asiyejua kwamba Ikulu ile isingewapokea?

Kusudio la kambi, mwaka huohuo 2016, la kuleta hoja ya kumwondoa Naibu Spika lilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo njia.

Nina ugomvi mwingine wa zamani na kambi hii, nao unahusiana na huu. Hata walipokuwa ndani, wengi waliitumia vibaya nafasi ya nyongeza. Dakika inaisha kwa pole na pongezi, kisha linakuja lile swali nisiloweza kulivumilia: “Je, serikali ina mpango gani?” Hakuna waziri aliyewahi kuangushwa na swali hilo. Serikali daima ina mpango, na mchakato daima unaendelea. Slaa hakuuliza hivyo. Aliuliza tarehe, kiasi na aliyesaini. Kambi ya 2015, yenye wabunge zaidi ya 100, wengi kuliko wakati wowote tangu vyama vingi virudi, ilikuwa na mawaziri vivuli wazuri. Nakiri hotuba zao nyingi za bajeti ziliandikwa kwa bidii. Hotuba, hata hivyo, haimlazimishi mtu kujibu.

Bajeti iliyopitishwa Juni ile ilikuwa ya kwanza ya Magufuli, shilingi trilioni 29.5, iliyosomwa na Waziri wa Fedha, Philip Mpango. Ndani yake kulikuwa na VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii na kwenye ada za huduma za kibenki. Chukueni hiyo ya mwisho. Julai ilipoanza, benki ziliwaarifu wateja kwamba kodi itakatwa kwao. TRA ikasimama na kusema mzigo ni wa benki. Wiki nzima nchi ilibishana nani analipa, sheria ikiwa tayari inatumika. Hilo lilikuwa swali la nyongeza la sentensi moja: kodi hii atailipa nani, benki au mwenye akaunti? Halihitaji pole, pongezi wala dibaji. Mbowe angeliuliza Alhamisi yoyote ya Juni na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa angelazimika kutaja mmoja kati ya wawili hao, papo hapo. Jibu lingekuwa ndani ya Hansard kabla ya Julai mosi, na mteja wa kwanza kukatwa angekuwa na ukurasa wa kuionyesha benki yake.