‘Mahututi’ na Mpira wa Kooni

Majuzi nilikuwa Griftu, kaunti ya Wajir, mgeni wa mwanafunzi wangu wa zamani. Mtoto wa jirani alikuwa amelemewa na nimonia. Muuguzi, kijana wa kutoka mbali asiyejua Kisomali, akamweleza babu yake: “Mzee, tunampeleka chumba cha wagonjwa mahututi, awekwe kwa mashine ya kupumua.” Mzee akashtuka. “Mahututi? Si basi tumrudishe afie kwa mamake?”

Simlaumu muuguzi. Istilahi hiyo tulimpa sisi, wasomi na wanahabari. Mahututi ni mtu aliye taabani, kati ya kufa na kupona. Neno linaeleza hali ya mgonjwa, halielezi kazi ya chumba. Chimbuko la vyumba hivi ni Copenhagen, mwaka wa 1952, polio ilipofumka. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe shingoni, na wanafunzi wa udaktari wakawa wanawasukumia hewa kwa mikono, zamu baada ya zamu, usiku na mchana. Walikusanywa pale ili wapone! Watanzania aghalabu husema ‘chumba cha uangalizi maalumu’. Naungana nao, ingawa najua wenzangu watadai jina lenyewe ni refu na limepooza.

Na ‘mashine ya kupumua’ je? Mashine haipumui. Mgonjwa ndiye anayepumua kwayo, kama vile kalamu ni ya kuandikia na kisu ni cha kukatia. Tuseme ‘mashine ya kupumulia’. Wakati wa korona kila mtu alikuwa na lake, na wahariri wakanyamaza.

Lakini hilo ni dogo. Linalonikera zaidi ni ‘amewekewa mpira kooni’. Mpira upi, na umeingia wapi? Koo lina njia mbili: ya hewa, inayokwenda mapafuni, na umio, unaopeleka chakula tumboni. Mpira wa kupumulia ukipotea ukaingia umioni na kosa lisigunduliwe upesi, hewa hujaa tumboni na ubongo huanza kuharibika kwa dakika chache. Mpira wa kulishia, unaopitishwa puani hadi tumboni, nao ukiingia njia ya hewa ni balaa jingine. Jamaa walioketi nje ya wodi hawaambiwi hata kama mtu wao anapumulishwa au analishwa. Ajabu ni kwamba Kiswahili cha nyumbani kilizitambua njia hizi zamani: anayekunywa maji yakaenda kusikostahili tunasema amepaliwa. Mbona vipeperushi vya afya vinalikwepa neno hili?

Turudi Griftu. Mwenyeji wangu aliingilia kati, akamweleza mzee kwa Kisomali kwamba mashine itamsaidia mjukuu wake kuvuta hewa hadi mapafu yapate nguvu, kisha itaondolewa. Mzee akauliza swali moja tu: “Na mpira utatoka?” Akajibiwa utatoka. Akatia saini, gari likaondoka kabla ya magharibi.