Fundi Alikuwa Ndani ya Gari

Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alinunua gari la mtumba kwa pauni 250. Lilikuwa Ford steshenwagoni ya mwaka 1954, gari la miaka saba ambalo tayari lilikuwa limepigwa na vumbi la kutosha. Tarehe 7 Oktoba liliondoka likiwa na madaktari watatu, likaelekea kusini hadi Afrika Kusini, na baada ya wiki 10 hivi lilikuwa limekata takriban maili 10,000 na kupita hospitali zipatazo 60. Hesabu ya safari nzima ilifikia pauni 678.

Vitabu vya tiba huikumbuka safari hiyo kwa sababu ndiyo iliyochora mipaka ya saratani ya watoto inayoitwa mpaka leo kwa jina la Burkitt. Karibu na ikweta, uvimbe wa taya unaoletwa na saratani hiyo haukuonekana kwenye nyanda zilizo juu ya futi 5,000, na kadiri gari lilivyoteremka kusini ndivyo kikomo hicho nacho kilivyoshuka. Hayo tuwaachie madaktari. Kwa macho ya gereji, swali ni jingine: gari kuukuu liliwezaje?

Kwanza pesa. Siku hizo pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hiyo pauni 678 ni shilingi 13,560. Zigawe kwa kilomita 16,000 na ushee, unapata senti 84 kwa kilomita. Kwa utafiti wa nchi kadhaa hizo ni fedha za maandazi.

Jibu lenyewe lilikaa kwenye kiti. Mmoja wa wale watatu alikuwa Ted Williams, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Kuluva, kusini mwa Arua katika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye njia ya Vurra, na kuijenga pamoja na ndugu yake Peter. Daktari wa hospitali ya shamba enzi zile hakuwa na anasa ya kusubiri fundi. Jenereta ikizima, pampu ikigoma, ni yeye. Williams aliijua injini kama alivyoujua mwili wa mgonjwa. Mwenzao wa tatu, Cliff Nelson, daktari kutoka Kanada, alikuwa na uzoefu mrefu wa Afrika.  Kwa maneno mengine, wenye gari hawakutegemea bima wala karatasi ya dhamana. Walikwenda na fundi.

Na gari lenyewe lilikubali kutengenezwa. Magari ya kizazi hicho yalipumua kwa kabureta na kuwashwa kwa pointi, kitu ambacho fundi hukisugua kwa msasa na kukirudisha kazini chini ya mwembe. Springi za nyuma zilikuwa za majani: jani likikatika, fundi wa chuma hufua jingine. Ubovu ulikuwa na sauti, harufu au moshi. Aliyekuwa na masikio na spana alikuwa na nusu ya dawa.

Sasa njoo Arua ya leo, jiji tangu Julai 2020. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ni lami, na juu ya lami hiyo hupita Mercedes-Benz na Range Rover zilizokuwa fahari ya Ulaya miaka 20 iliyopita. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, lakini yaliyokwisha kuingia yapo, yanauzwa mkono kwa mkono, na bei zake hutamanisha. Ndipo ulipo mtego. Bei ya gari la kifahari huporomoka kila mwaka, lakini spea zake haziporomoki nalo. Anayelinunua kwa bei ya Corolla atalitengeneza kwa bei ya Mercedes.

Chukua Mercedes-Benz E ya umbo la W211, iliyotoka mwaka 2002. Breki zake za awali hazikuwa za kawaida. Dereva akikanyaga pedali, sensa hupeleka habari kwa kompyuta, nayo huamuru pampu ya umeme isukume mafuta ya breki kila gurudumu kwa kipimo chake. Mwaka 2004 kampuni iliyaita gereji magari 680,000 kwa ajili ya mfumo huo, mwaka uliofuata ikaita magari milioni 1.3 kwa hitilafu za umeme zikiwemo za breki, na kwenye toleo lililorekebishwa la 2006 ikaachana nao kabisa na kurudi kwenye breki za mafuta za kawaida.

Kinachoumiza mnunuzi wa mkono wa tatu ni kwamba mfumo huo wa awali huhesabu. Kila breki inaandikwa, na idadi iliyopangwa ikifika, taa nyekundu huwaka hata kama hakuna kilichovunjika. Mfumo ukikata kauli, pedali huzama na breki hubaki kwa magurudumu ya mbele tu. Halafu kuna hatari kwa fundi: pampu huamka mlango unapofunguliwa, hivyo anayebadilisha pedi bila kwanza kuuzima mfumo kwa kompyuta anaweza kubanwa vidole na pistoni. Fundi hodari wa Land Cruiser, aliyefungua breki miaka 30, hapa ni mwanafunzi.

Ugonjwa wa pili ni hewa. Range Rover nyingi, na baadhi ya Mercedes, hazikalii springi za chuma bali mipira ya hewa. Mpira ukizeeka hupata nyufa kwenye mikunjo, huvuja polepole usiku, na asubuhi mwenyewe hukuta gari limepiga goti upande mmoja kama ngamia. Fundi huchukua maji ya sabuni, humwagia mpira, na povu humwonyesha tundu. Hapo ubovu ni mdogo. Lakini mwenye gari akisema “litajiinua lenyewe nikiwasha”, ni kweli litajiinua, kwa sababu kompresa itafanya kazi ya ziada kila siku kufidia upepo unaopotea, mpaka iungue. Tundu la mpira mmoja limezaa kompresa mpya. Wengine hukata shauri, hung'oa mipira yote na kuweka springi za koili. Wapenda magari hulia. Kwa Arua ni uamuzi wa busara.

Koboko, nyumbani kwa ukoo wa Idi Amin, ina kisa chake. Rais huyo hutajwa miongoni mwa waliomiliki Citroën SM, gari la Kifaransa lililoundwa kati ya 1970 na 1975, lenye injini ya Maserati na mwili unaoelea juu ya mafuta na gesi badala ya springi. Ikulu ina watu wa kulitunza gari la namna hiyo. Mwenye duka hana.

Umbali ndio gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Spea hutafutwa kwenye soko la Kisekka huko Kampala, hupakiwa kwenye basi la usiku, na ikifika si yenyewe hurudi kwa basi lile lile. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwishoni mwa 2024, njia iliyozoeleka ya kwenda West Nile ilikatika na magari yakalazimika kuzunguka. Muda wote huo gari lisilo na spea hula siku za mwenyewe.

Kwa hiyo anayeuziwa W211 Arua au Koboko aulize kwanza mwaka, na kama ni ya kabla ya toleo la 2006, hesabu ya breki isomwe kwa kompyuta kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kama gari ni la mipira ya hewa, asikubali kuliona mchana. Aende alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha, apime kwa kiganja nafasi iliyopo kati ya tairi na mbawa, pande zote nne.