Kitabu na Jembe: Mashahidi Wawili wa Kilwa

Watu waliojifunza kusoma hupenda kuamini ya kuwa neno lililoandikwa ni neno lililothibitika. Tena wako wengine, ambao elimu yao ni kuchimba ardhi na kutafuta mabaki ya watu wa kale, wasemao ya kuwa kitabu huweza kudanganya, bali udongo haudanganyi. Mashindano haya ni ya siku nyingi, na kwa kuwa yahusu asili ya watu wa nchi yetu, si vema kuwaachia wataalamu peke yao. Twataka kuyapima kwa habari za Kilwa Kisiwani, mahali ambapo kitabu kipo na jembe limepita.

Kitabu chenyewe ni habari za masultani wa Kilwa, nazo zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni Mreno João de Barros, aliyezitia katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552. Ya pili ni maandiko ya Kiarabu yaliyotungwa katika karne ya 16, yakapigwa chapa mwaka 1895. Zote mbili zasimulia ya kuwa Ali, mtu wa jamaa ya wafalme wa Shirazi, alivuka bahari akakinunua kisiwa kwa nguo. Lakini kwa Barros, Ali aliondoka kwao kwa kudharauliwa na ndugu zake, kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Katika maandiko ya Kiarabu, baba na wanawe sita waliondoka kwa merikebu saba, kwa ajili ya ndoto ya panya mwenye mdomo wa chuma aliyeutoboa ukuta wa mji. Basi hata kabla ya jembe kuinuliwa, kalamu mbili hazipatani. Wala si ajabu, maana watungaji waliandika zaidi ya miaka 400 baada ya mambo wanayoyasimulia.

Mwaka 1958 Neville Chittick alianza kuchimba Kilwa, na kazi yake ikatolewa kwa kitabu mwaka 1974. Chini ya misikiti na majumba ya mawe alikuta mabaki ya watu waliokaa pale tangu karne ya 9 hivi. Walijenga kwa miti na udongo, wakavua samaki, wakafinyanga vyungu, wakafua chuma. Hao ndio waliokuwako kabla ya sultani ye yote. Kitabu kimewapa nafasi ya kuuza kisiwa tu, kisha kikawapeleka bara wasionekane tena. Hapa ndipo tunapokilaumu kitabu: kinahesabu wafalme na miaka yao, bali mvuvi na mfinyanzi hakiwahesabu. Jembe limewarudishia sauti watu wasiokuwa na kalamu.

Walakini jembe nalo lina makosa yake, au tuseme, yuko mtu anayelishika. Wasomi waliokifuata kitabu walikadiria ya kuwa Ali alifika katika karne ya 10. Chittick, kwa kuzipima tabaka za udongo zilimopatikana sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, akasema sivyo, alitawala karibu na mwaka 1200. Wengi walikubali, wakadhani kitabu kimeshindwa. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, Mark Horton na wenzake walifukua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zimo za Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwako dinari chache za dhahabu, zote za kabla ya mwaka 1070. Basi Ali akarudi nyuma zaidi ya miaka 100, akakikaribia kitabu. Udongo haukubadilika, aliyekosea ni msomaji wake.

Tumtazame shahidi mwingine. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri, akaandika ya kuwa umejengwa kwa miti. Lakini Husuni Kubwa, jumba la mawe la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea mgeni huyo, lasimama magofu hata leo. Mwenye kuamini kitabu tu ataona mji wa miti. Mwenye kuamini jembe tu ataona mji wa mawe, maana miti huoza na mawe hubaki. Anayesikiliza wote wawili ataelewa ya kuwa majumba ya mawe yalizungukwa na nyumba nyingi za miti.

Kwa muda mrefu wako waliosema ya kuwa miji ya pwani ilijengwa na wageni tu. Wengine wakajibu ya kuwa habari ya Washirazi ni hadithi ya kujitukuza. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, Kilwa ikiwa mojawapo. Ilionekana ya kuwa wengi wao walikuwa na mababa wa asili ya Uajemi na mama wa Kiafrika, na ya kuwa kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Basi kitabu hakikubuni mababa; kosa lake ni kuwasahau mama.

Kwa hiyo twasema: kitabu na jembe si bwana na mtumwa, ni mashahidi wawili, na kila mmoja ahojiwe peke yake kwanza. Nasi tuna wajibu wetu. Palipo na magofu karibu na vijiji vyetu, tusiyabomoe kwa kutafuta mawe wala hazina, kwa maana kigae kilichoondolewa mahali pake ni kama ukurasa uliong'olewa kitabuni. Na wazee wakisimulia, tuandike maneno yao pamoja na jina la msimulizi, ili watakaochimba baadaye wapate wa kumwuliza.