Kisiwa Ndani ya Kioo: Jura na Utunzi wa Nineteen Eighty-Four

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu George Orwell kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967. Riwaya yake ya mwisho, Nineteen Eighty-Four (1949), mara nyingi husomwa kwa kuegemea wasifu wake. Mwenyeji huyu wa London alihamia Jura, kisiwa kilichojitenga magharibi mwa Uskoti, mnamo Mei 1946; huko akazidiwa na kifua kikuu, na Januari 1950 akafariki akiwa na umri wa miaka 46. Basi hudaiwa kwamba kiza cha riwaya ni kiza cha kisiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dai hilo halina mashiko.

Kwanza, tarehe zenyewe zinalikana. Orwell alieleza kuwa wazo la riwaya lilimjia mwaka 1943, akiwa London ya vita. Mwaka 1944 nyumba aliyokuwa akiishi iliharibiwa na bomu, na Machi 1945 akafiwa na mkewe, Eileen. Kiza hicho alikwenda nacho kisiwani, hakukikuta huko.

Pili, Barnhill, nyumba aliyoipanga karibu na ncha ya kaskazini ya kisiwa, haikuwa pango la mtawa. Ni kweli haikuwa na umeme wala simu, na njia ya kuifikia ilikuwa mbovu. Hata hivyo, aliishi humo na dada yake Avril na Richard, mtoto aliyemlea, akalima na kupokea wageni. Shajara zake za kipindi hicho zimejaa hesabu za mayai, samaki, mvua na miche. Linganisha na Winston Smith, mhusika mkuu wa riwaya: anapoandika neno la kwanza katika shajara yake, tayari amejihukumu kifo. Tunachokiona hapa ni kwamba maisha ya kisiwani yalimpa mtunzi kipimo cha kile ambacho dola ya riwayani imekipora, yaani haki ya mtu kuandika jambo dogo bila hofu.

Ithibati kuu imo katika taswira ya donge la kioo. Winston analinunua katika duka la vikorokoro. Ndani yake mna kipande cha marijani ambacho mwuzaji anasema lazima kilitoka Bahari ya Hindi. Winston anajiona yeye na Julia wakiishi ndani ya kioo hicho, wakiwa salama. Hicho ndicho kisiwa pekee anachopewa, nacho kimo katikati ya jiji, chumbani mwa mwuzaji ambaye kumbe ni Polisi wa Fikra. Siku ya kukamatwa kwao donge linavunjwa, na kipande cha marijani kinadhihirika kuwa kidogo mno. Katika Brave New World (1932), Aldous Huxley anawapeleka waasi wake visiwani. Orwell, aliyekuwa akiishi kisiwani hasa, alimnyima mhusika wake hata kimoja.

Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa mwandishi akiuacha umma ameusaliti. Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Orwell alikaa kando, na bado aliangukiwa: madaktari walikuwa mbali, na mwishoni mwa mwaka 1948, kwa kukosa mpiga taipu wa kumfuata kisiwani, aliupiga mswada mwenyewe huku akiugua. Gharama hiyo haipaswi kupuuzwa, wala kugeuzwa kuwa ushujaa. Linalotuhusu sisi wahakiki ni kwamba ukaribu wa mtunzi na jamii haupimwi kwa maili. Katika kisiwa kile cha mbali, London ilionekana waziwazi kuliko ilivyoonekana na wengi waliokuwa wakitembea katika barabara zake.