Heko, Mafundi Matandiko wa Walsall

Walsall, mji wa katikati ya Uingereza, umeshona matandiko ya farasi kwa muda mrefu hata timu yake ya soka, iliyoanzishwa mwaka 1888, hupewa jina la utani la mafundi matandiko. Pongezi zangu ni kwa mafundi wanaompokea na kumfundisha hata anayeshona kwa kujifurahisha tu. Hapewi tandiko siku ya kwanza, huanzia mkanda. Ngozi hushikwa kwa kibano cha mbao kati ya magoti, msharasi hutoboa, kisha sindano mbili za uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta hupishana katika kila tundu. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja hufumuka. Huu wa mkono hushikilia, maana uzi wa upande wa pili bado upo.

Tandiko lenyewe ni kazi nyingine kabisa: kiunzi cha mbao, tepe zilizokazwa, sufu inayosindiliwa kidogokidogo ili uzito wa mpandaji usiuelemee uti wa mgongo wa farasi. Na farasi, masikini, hawezi kumrudishia fundi kazi mbovu. Ndiyo maana mwalimu akimfumulia mwanafunzi kazi ya jioni nzima, mimi niko upande wa mwalimu.