Mwamba Ngoma na Insha za Vijana

Wahenga walinena: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii yafaa kuwekwa mbele ya kila tangazo la shindano la insha ambalo vyuo na taasisi za Ulaya na Marekani huwatolea wanafunzi wa sekondari. Kabla ya kutazama kitita cha zawadi, hapana budi kulitazama swali: limetungwa na nani, na lavutia upande gani?

Neno lenyewe ni hoja. Insha imetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kuumba na kuanzisha. Wafaransa nao, tangu Montaigne alipochapisha insha zake mwaka 1580, waliipa jina lenye maana ya kujaribu. Mwandishi wa insha, basi, hutweka tanga bila ya kujua kwa yakini atatia nanga bandari gani. Shindano litakalo jahazi lifike bandari iliyokwisha kuteuliwa halitafuti insha, latafuta mwangwi.

Taasisi ya Ayn Rand ya Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi imewashindanisha vijana juu ya riwaya za mwandishi yule yule ambaye falsafa yake ndiyo inayoieneza. Kijana hakukatazwa kupinga. Lakini mwenye hoja ya kupinga, akimjua atakayemhukumu, yamkini ataipima mara mbili kabla ya kuitia wino.

Chuo cha Trinity, Cambridge, kimefuata njia nyingine. Kilianzisha tuzo ya Robson ya historia mwaka 2007, ya R.A. Butler ya siasa mwaka 2009, na ya Gould ya fasihi ya Kiingereza mwaka 2013. Mwanafunzi huteua swali katika orodha, akajenga hoja yake mwenyewe juu ya jambo ambalo hata wanazuoni hawajakubaliana. Fedha za tuzo ya Robson na ya Butler hugawanywa baina ya mshindi na shule yake. Hivyo mkono wa mwalimu haukusahauliwa. Trinity nayo huvuta ngozi, kwani yataka kuwavutia wenye vipaji waombe nafasi za chuo kikuu. Ila huvuta hadharani, na swali huliacha wazi.

Limebaki suala la lugha. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, lililoanzishwa mwaka 1883, liko wazi kwa kijana wa Unguja, Pemba au Lamu, mradi aandike Kiingereza. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Marekani, ilithibitisha kuwa maandishi ya Kiswahili yaweza kushindanishwa kwa heshima kamili. Hata hivyo, hiyo ni ya wenye miswada ya vitabu, si ya mwanafunzi mwenye kurasa tatu na fikra moja inayomkosesha usingizi.

Kijana huyo ndiye mrithi wa malumbano ya Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu, ambako aliyesifiwa ni mwenye kujibu, si mwenye kuitikia. Chuo kitakachomfungulia mlango kwa lugha yake, na kifungue kwa swali ambalo mtungaji wake yu radhi kushindwa.