Tulikuwa Tunamcheka Nani Kwenye Vioja Mahakamani?

Hakimu aliniuliza kazi yangu ni gani.

"Mwandishi, Mheshimiwa."

"Umeandikwa wapi?"

"Sijaandikwa, Mheshimiwa. Najiandikia tu."

Alinitazama, akatazama karatasi zake, kisha akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini. Benchi za nyuma zilicheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu kicheko hicho nilikuwa nakijua tangu utotoni. Ni kile kile cha Vioja Mahakamani.

Kama ulilelewa kwenye nyumba yenye runinga moja na antena ya kugeuzwageuza, huhitaji kuelezewa. Kwetu KBC ndiyo ilikuwa inashika vizuri, kwa hivyo tulitazama walichotupatia. Mshtakiwa anapandishwa kizimbani. Mashtaka yanasomwa. Anaulizwa kama anakubali au anakataa, naye badala ya kujibu anaanza hadithi ya safari yake tangu asubuhi. Mashahidi wanaingia, kila mmoja na Kiswahili chake cha nyumbani. Hakimu anachoka nao, hukumu inatoka, na chai yetu bado haijapoa. Kipindi kilianza enzi za VOK, kabla ya shirika hilo kugeuzwa KBC mwaka wa 1989, na kimeishi kuliko vyama vingi vya kisiasa nchini. Majina kama Makokha, Otoyo na Ondiek Nyuka Kwota tuliyajua kabla ya kumjua mbunge wetu.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na hata huko sikuwa nasomea sheria. Elimu yangu yote ya mahakama ilitoka kwa kipindi hicho. Nilipoitwa kutoa ushahidi, niliingia kortini kama mtu anayeenda kutembelea seti.

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Kwenye steji yetu kuna mama anayeuza mayai ya kuchemsha. Jioni moja simu yake ilitoweka, watu wakapiga kelele, kijana mmoja akashikwa. Kuna waliokuwa tayari wamebeba mawe. Askari wakatokea, na mmoja akauliza nani ameona. Wote waliokuwa wakipiga kelele waligundua ghafla kwamba wamechelewa matatu. Mimi nilikuwa na yai mdomoni, sikuweza kukimbia. Nikaandikisha jina.

Siku ya kwanza faili haikuonekana. Siku ya pili faili ilikuwepo, lakini askari mpelelezi hakuwepo. Nauli ni yangu, siku ya kazi ni yangu. Mtu anayejiandikia hana likizo ya kutoa ushahidi. Hapo ndipo nilipogundua uongo wa kwanza wa Vioja: kesi kuisha siku hiyo hiyo. Vichekesho vyake vyote naweza kuviamini, mtu kudai alikuta kuku amejifunga kamba mwenyewe, sawa. Lakini kesi inayoanza na kuisha kabla ya taarifa ya habari? Hiyo ndiyo hadithi ya kubuni.

Na ndipo nilipoanza kukiheshimu kile kipindi. Nikikikumbuka sasa, ninachokionea wivu ni subira yake. Mshtakiwa wa Vioja anaachwa aongee. Anazunguka, anarudi nyuma, anamtaja shangazi ambaye hahusiki, na hata hakimu akifoka, bado anasikiliza. Kwenye korti niliyokuwa nimeketi, asubuhi moja ilikuwa na kesi nyingi kuliko viti. Watu walisimama, wakasikia tarehe nyingine, wakaketi. Hakuna aliyemaliza sentensi. Hakimu alikuwa anaandika kila kitu kwa mkono wake, jambo ambalo runinga haikuwahi kunionyesha. Nilipoanza kuongea kwa kasi ya steji aliinua kalamu. "Polepole, shahidi. Mimi ndiye naandika hapa." Kwa hivyo tulikuwa waandishi wawili, na aliyeandikwa ni yeye.

Kwa ajili ya hiyo subira, mimi nitakitetea kipindi hicho mbele ya yeyote anayekiita cha kizamani. Kilileta korti sebuleni, kwa Kiswahili, kwa watu ambao hawangewahi kuingia humo isipokuwa wameshikwa. Mwishoni mwa miaka ya 90 Redykyulass walikuja wakamwiga rais mwenyewe, na mwaka wa 2009 XYZ Show ikawageuza wanasiasa kuwa vikaragosi. Hizo zilikuwa kazi za ujasiri. Lakini zilitazama juu, Ikulu na Bunge. Vioja kilibaki chini na sisi, kwa mwananchi aliyesimama peke yake mbele ya serikali akijaribu kujieleza.

Shida yangu na Vioja iko hapo hapo kizimbani. Katika vipindi nilivyotazama, aliyesimama pale alikuwa mtu mdogo: mwizi wa kuku, mpika chang'aa, mlevi aliyetukana jirani. Tukio la kuchekesha lilikuwa mdomo wake. Tulicheka "r" ikigeuka "l", tukacheka ngeli zikigongana, na mara nyingi alijifunga kwa maneno yake mwenyewe. Kipindi cha runinga ya serikali kilitufundisha, bila kusema, kwamba maskini huenda jela kwa kuongea vibaya. Mwenye joho na mwenye sare hawakuwa na lafudhi.

Mathe hukataa hoja yangu hii. Yeye humcheka zaidi mhusika anayeongea kama watu wa kwao. Akimsikia anasema, "Huyo ni mjomba wako kabisa!" Anapangusa machozi. Na ana haki. Kwa miaka mingi Kiswahili cha redio na runinga kilikuwa cha watangazaji waliopiga pasi ulimi. Vioja ndipo mtu wa kwetu alipojisikia akiongea hadharani. Kumcheka mjomba kwa sababu unamjua ni namna ya kumpenda. Kwa muda mrefu nilidhani hicho ndicho kicheko pekee kilichopo.

Halafu mshtakiwa akaulizwa kama ana maswali kwa shahidi.

Hakuwa na wakili. Ni kijana wa rika langu, na sitasema anatoka wapi, kwa sababu ukishajua utaanza kumsikia na lafudhi kabla hajafungua mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota barabarani. Alishika ukuta wa kizimba, akanitazama, akauliza:

"Wewe naona mkono yangu kwa simu, ama naona tu watu nakimbia?"

Korti ilicheka. Karani alicheka. Yule mama wa mayai alicheka. Na mimi, shahidi niliyeapa kusema kweli, nilitabasamu, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamezoezwa tangu utotoni: Kiswahili kikivunjika, cheka. Sekunde chache hivi zilipita kabla swali lenyewe halijanifikia. Lilipofika, tabasamu liliisha.

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo. Kiongozi wa mashtaka alikuwa ameniuliza saa, mahali, rangi ya shati. Hakuna aliyeniuliza niliona nini hasa. Nilikuwa nimesimulia kisa kizima kama mtu aliyeona, na kumbe nilichoona ni watu wakikimbia, kisha kijana akiwa ameshikwa shati. Katikati ya hayo mawili nilijazia mwenyewe. Ndiyo kazi yangu, kujazia.

"Niliona watu wakikimbia," nikasema. "Mkono sikuuona."

Hakimu aliandika. Hakuna aliyecheka.

Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila malipo. Ni maandishi mazuri. Ila hayana kinga dhidi ya kicheko. Unaweza kumpa mtu mkalimani, wakili na kiti, na bado usimsikie kwa sababu umeshaamua kwamba sauti yake ni kichekesho. Tofauti kati ya kicheko cha mathe na kile cha korti iko hapo: mathe humcheka mjomba huku akifuata hadithi yake hadi mwisho, lakini sisi tulicheka ili tusiendelee kusikiliza.

Najua mtasema ni vichekesho tu, bro, acha kutuharibia utoto. Siuharibu. Nikipata kipindi cha zamani mtandaoni bado nakitazama, na bado nacheka. Ila siku hizi nafanya kitu kimoja. Kicheko kikiisha narudisha nyuma, nasikiliza mshtakiwa alisema nini. Jaribu. Utashangaa mara ngapi yule "mjinga" wa kizimbani ana hoja. Waigizaji wale ni hodari. Nashuku wao walijua siku zote, na ni sisi watazamaji tuliokuwa tunakimbilia lafudhi tukiacha maana.

Ningependa kuona Vioja kimoja ambapo faili inapotea kisha karani anaulizwa iko wapi, naye ndiye anayezunguka na hadithi ya shangazi. Ambapo askari asiyefika anapandishwa kizimbani. Ambapo shahidi mwenye Kiswahili sanifu, na mdomo uliojaa yai, ndiye anayejifunga kwa maneno yake. Huyo mhusika ninaweza kumwigiza bila mazoezi.

Kesi iliahirishwa tena, na mimi sikuitwa tena. Nje ya korti mama wa mayai hakunisalimia. Nilidhani atanielewa, nikamwambia, "Mama, nilisema tu nilichoona." Akajibu bila kugeuka, "Na simu yangu, kijana wangu, nani aliiona?" Sikuwa na jibu, na swali lake pia lilikuwa zuri. Aliibiwa kweli. Ukweli wangu haukumrudishia chochote.

Bado ananiuzia mayai. Siku hizi ni bila kachumbari.